Affect na effect: kanuni iliyofundishwa nusu

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hufundishwa kwamba affect ni kitenzi, yaani neno linaloeleza tendo, na kwamba effect ni nomino, yaani neno linalotaja kitu au hali, kisha wakahimizwa kulikariri hilo na kusonga mbele. Kanuni hiyo hufaa mara nyingi, kwa kuwa ukame huathiri mavuno, na hapo hutumika affect, ilhali njaa inayofuata ni athari ya ukame huo, nayo ndiyo effect. Hata hivyo, ni kanuni iliyokatwa katikati, na anayedhurika ni mwanafunzi.

Effect nalo huweza kuwa kitenzi, na hapo halimaanishi kuathiri, bali kusababisha jambo litokee. Serikali ikiahidi mageuzi kwa kitenzi hiki, imeahidi kuyaleta mageuzi ambayo bado hayapo. Herufi ya kwanza ikiandikwa a, sentensi hiyohiyo husema kwamba mageuzi yako tayari na serikali itayagusa tu, pengine hata kwa kuyakwamisha. Maana hizi hutokana na Kilatini, ambamo maneno yote mawili yana mzizi facere, yaani kutenda: affect lilianza na kiambishi cha kuelekea kitu, effect na kiambishi cha kutoka nje, kwa hiyo la kwanza hukifikia kilichopo na la pili hukizaa ambacho hakikuwapo. Katika saikolojia affect huwa nomino pia, ikimaanisha hisia jinsi zinavyojidhihirisha, na mkazo wake huwa kwenye silabi ya kwanza, tofauti na kitenzi chake.

Mzungumzaji wa Kiswahili ana msaada wa karibu katika jozi ya kuathiri na athari, ambayo hutofautisha kitenzi na nomino waziwazi. Lakini jozi hiyo haina nafasi ya effect kama kitenzi, na kwa sababu hiyo mwalimu wa sekondari nchini Tanzania, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, angefanya vema kumzoeza mwanafunzi kujiuliza kama sentensi inadai kuathiri, athari au kuleta, kabla hajachagua herufi. Zoezi hilo litamfaa pia atakaposoma kwamba sheria fulani "takes effect" tarehe fulani, kwa maana hapo hakuna athari inayozungumziwa: sheria inaanza kutumika.