Tuanze na masalia yenye sukari

Katika mashine za kukoboa mpunga za bonde la Usangu, tangu Chimala hadi Igurusi, pumba hurundikana kila msimu wa mavuno. Si ajabu basi kwamba wengi huuliza: kwa nini taifa linaloagiza petroli yake yote kutoka nje lisiyageuze masalia hayo kuwa ethanoli? Swali hilo ni jema, lakini jibu lake halina budi kutegemea elimu, wala si shauku tupu.

Hamira hula sukari. Katika kila kilo 100 za sukari haiwezi kutoa zaidi ya kilo 51 za ethanoli. Karibu zote zilizosalia hupotea kama hewa ya ukaa. Pumba na mabua hayana sukari iliyo wazi, bali nyuzinyuzi ngumu zisizoweza kuliwa na hamira mpaka kwanza zivunjwe kwa asidi au vimeng'enya, katika mitambo ya gharama kubwa. Chenga zina wanga, nao waweza kugeuzwa sukari kwa kimea. Lakini chenga ni chakula cha watu na mifugo, na sisi hatuungi mkono kuchoma chakula.

Masalia yafaayo ni yale yenye sukari tayari, hasa molasi za viwanda vya sukari. Jirani zetu wa Malawi walianza mwaka 1982 kuchanganya petroli na ethanoli itokanayo na molasi za Dwangwa. Hapa nchini, Kilombero ilipata kiwanda cha kukeneka spiriti kwa molasi mwaka 2013. Ndizi za Rungwe zilizoiva kupita kiasi na kukosa mnunuzi nazo zina sukari ya kutosha kuchachuka.

Je, pumba za Chimala hazina kazi? Zinayo. Kukeneka kwahitaji moto mwingi, na pumba huwaka. Zikichochea matanuri, zitaokoa miti ambayo vinginevyo ingekatwa kwa kuni.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ethanoli ina nafasi humo, kwani ile ya jikoni haihitaji kuondolewa maji yote kama ile ya kuchanganywa na petroli.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani kwa chupa mbili zenye maji ya uvuguvugu na hamira: moja itiwe ndizi iliyopondwa, nyingine pumba. Ya ndizi itatoa povu. Ya pumba itakaa kimya.

Nao watumishi wa halmashauri, kabla ya kuidhinisha mradi utakaokula fedha za wakulima na vyama vyao vya ushirika, wana wajibu wa kuuliza swali moja: sukari itatoka wapi?