Septemba hadi Januari: Mtihani wa pili unaoamua mtoto ataingia shule gani

Mwanafunzi wa darasa la saba Tanzania hufanya mtihani wa Taifa Septemba, kwa siku mbili tu. Kwa watoto wengi shule ya msingi inaishia hapo na likizo ndefu inaanza. Kwa familia zinazowaza shule binafsi, ndiyo kwanza ngoma inaanza.

Kuna mtihani wa pili. Huu hautungwi na Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta), hauna ratiba moja wala kiwango kimoja cha kufaulu, na mtoto akifeli hakuna pa kukata rufaa. Ni usaili wa kujiunga na kidato cha kwanza, ambao mtaani unaitwa intavyuu tu.

Kila shule binafsi ina wake. Baadhi huufanya hata kabla matokeo ya Necta hayajatoka. Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali, huenda huo ndio mtihani mgumu kuliko wote aliowahi kukutana nao, na ugumu wenyewe mara nyingi hauko kwenye hesabu wala sayansi.

Mlango wa Serikali umepanuka

Upande wa Serikali, safari ya kwenda sekondari imekuwa rahisi kuliko zamani. Ada iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka wa fedha 2022/23 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Anayepata kuanzia 121 anakuwa kwenye daraja C na amefaulu. Kuanzia 241 ni daraja A. Waliofaulu hupangiwa shule na Tamisemi, na wenye alama za juu kabisa wanaweza kuangukia shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala au Msalato.

Hapo hakuna intavyuu. Alama za Necta zinatosha.

Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, iliyozinduliwa rasmi Dodoma Januari 31, 2025, inakwenda mbali zaidi. Inataka elimu ya lazima iwe miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa maneno mengine, kufika kidato cha nne kunatoka kuwa zawadi ya waliofaulu na kunakuwa haki ya kila mtoto.

Kwa hiyo chujio la Serikali linalegea. Kwa shule binafsi zinazogombewa, chujio limehamia getini.

Kwa nini shule zinachuja

Shule zina hoja, na si hoja nyepesi. Sehemu kubwa ya mtihani wa darasa la saba ni maswali ya kuchagua jibu. Mwalimu wa sekondari anayetaka kujua kama mtoto anaweza kuandika sentensi tano zenye mantiki, au kuonyesha njia ya kupata jibu la hesabu, hawezi kuliona hilo kwenye herufi A au B ya Necta. Akimpima mwenyewe, atajua aanzie wapi.

Sababu nyingine haisemwi sana kwenye vipeperushi. Shule binafsi inaishi kwa ada, na ada inafuata matokeo ya kidato cha nne. Januari 2023 Necta ilitangaza kuacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, lakini matokeo ya kila shule bado yanapatikana mtandaoni. Kila msimu yakitoka, matangazo ya idadi ya "division one" yanajaa kwenye mabango na WhatsApp.

Njia ya kupata "division one" nyingi ni mbili. Moja ni kufundisha vizuri. Ya pili ni kuchagua mlangoni watoto ambao wangefaulu popote pale. Ya pili ni rahisi zaidi, na mzazi anayeangalia bango hawezi kutofautisha ipi imetumika.

Hapo ndipo maana ya usaili inabadilika. Mtihani uliopaswa kumsaidia mwalimu kumjua mtoto unageuka kifaa cha kulinda jina la shule.

Kinachopimwa hasa ni lugha

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za Serikali tangu 1967. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kayumba, kama shule hizo zinavyoitwa kwa utani, amesoma hesabu, sayansi na uraia kwa Kiswahili miaka saba mfululizo. Kwenye mtihani wake wa Taifa, somo linaloandikwa kwa Kiingereza ni moja tu kati ya sita. Yaani alama 50 kati ya 300.

Intavyuu inaigeuza hesabu hiyo. Shule nyingi hupima Kiingereza, Hisabati na Sayansi, na karatasi zote huwa kwa Kiingereza. Ghafla lugha iliyobeba moja ya sita ya mtihani wa Taifa inabeba kila kitu.

Madhara yake ni haya. Mtoto anaijua KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, na anaipata bila kukosea. Akiulizwa "LCM" anadhani ni mada ambayo hajawahi kufundishwa. Anajua mzingo wa mstatili, lakini "perimeter" hajaliona. Anaweza kueleza usanisinuru vizuri tu, ila "photosynthesis" linamfanya aache swali wazi.

Anayesahihisha anaona sifuri, na sifuri hiyo haimwambii kama mtoto hajui hesabu au hajui neno.

Mwenzake aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hakutani na kikwazo hicho, kwa sababu hata mtihani wa Necta aliufanya kwa Kiingereza. Wawili hawa wanaweza kuwa na uwezo sawa kabisa. Tofauti ni kwamba mzazi wa mmoja alianza kulipa ada miaka saba mapema.

Ndiyo maana si sahihi kusema intavyuu inachagua watoto wenye akili. Mara nyingi inachagua historia ya mfuko wa mzazi.

Biashara ya miezi minne

Pengo hilo limezaa soko. Kati ya Septemba na Januari, vituo vya tuisheni vinajaa masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, maarufu kama "pre-form one". Vingine viko ndani ya shule zenyewe, vingine kwenye vyumba vya kupanga, vingine ni walimu wanaopita nyumbani.

Gharama nazo zinaanza kabla mtoto hajaonja darasa. Fomu ya kuomba nafasi mara nyingi inalipiwa, na mtoto akifeli hela hairudi. Tuseme fomu moja ni Sh30,000. Mzazi anayejaribu shule tatu ametoa Sh90,000, bado nauli na tuisheni. Kwa familia yenye kipato kidogo, hiyo ni sehemu nzuri ya sare, madaftari na godoro la bweni.

Si kwamba masomo haya yote ni upotevu. Kuna madarasa yanayomfundisha mtoto lugha na kumzoesha istilahi za kila somo. Hayo yana faida hata akiangukia shule ya Serikali, kwa sababu huko nako atafundishwa kwa Kiingereza.

Mengine kazi yake ni kukaririsha maswali ya intavyuu za miaka iliyopita. Mtoto anaingia akiwa na majibu kichwani, anafaulu, halafu Machi anakwama kwa sababu hakuwahi kuelewa swali. Shule nyingine basi humkaririsha darasa au kumwondoa kwa kuwa hajafikia wastani uliowekwa na shule, jambo ambalo Wizara ya Elimu imewahi kulionya.

Swali la mzazi kabla hajalipa ni moja: hapa mtoto atafundishwa nini ambacho kitamfaa hata kama intavyuu haipo? Mwenye kituo akishindwa kulijibu, bora hela ibaki mfukoni.

Wiki 16 zinatosha kwa nini

Kuanzia katikati ya Septemba hadi shule zinapofunguliwa Januari ni takriban wiki 16. Muda huo hautoshi kurudia miaka saba, lakini unatosha kuvuka daraja la lugha, kama hatua zitapangwa.

*Anza na maneno ya masomo.* Maneno kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 800 kufikia Januari. Yatoke kwenye yale anayoyajua tayari kwa Kiswahili: sehemu, asilimia, pembe, mmeng'enyo, mvutano. Mtoto asijifunze mada mpya kabla hajajua jina la pili la mada ya zamani.

*Asome kila siku, hata kurasa mbili.* Kitabu chepesi anachokielewa kina faida kuliko kitabu kinene kinachomkatisha tamaa. Asiyekuwa na vitabu anaweza kuazima kwa mtoto wa jirani aliye kidato cha kwanza.

*Aandike.* Sentensi tano kuhusu siku yake zinatosha. Darasa la saba limemzoesha kuchagua jibu, sekondari itamtaka alijenge.

*Aonyeshe njia kwenye hesabu.* Usaili mwingi unatoa alama kwa hatua, na jibu tupu linapoteza alama hata likiwa sahihi.

*Apumzike.* Ametoka kwenye mwaka wa masomo ya asubuhi, jioni na Jumamosi. Kumpeleka kambini siku moja baada ya mtihani wa Taifa ni kumchosha kabla safari haijaanza.

Na kuna jambo la kumwambia kabla hajaingia chumba cha mtihani: kukosa nafasi kwenye shule moja hakumaanishi hana akili. Mtoto wa miaka 13 anayeambiwa "umefeli" wiki chache baada ya kufaulu mtihani wa Taifa anaweza kuingia kidato cha kwanza akiwa ameshajikatia tamaa.

Atakayekwenda shule ya Serikali naye ana maandalizi yake. Kidato cha kwanza huanza na kozi ya awali ya Kiingereza, kabla masomo hayajachanganya. Wazazi wengi wanazichukulia wiki hizo kama za utani na kumchelewesha mtoto wakitafuta sare na mahitaji. Kumbe ndizo wiki ambazo hakupaswa kuzikosa, kwani zikipita walimu wanaendelea kana kwamba kila mtu ameshavuka.

2028 itakuwa moto

Haya yote yanaelekea kwenye mwaka mmoja mgumu. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto walioanza nao darasa la tatu mwaka huo wataishia darasa la sita. Waliokuwa mbele yao darasa moja wataendelea hadi la saba. Makundi hayo mawili yatamaliza pamoja mwaka 2027.

Kwa mpango huo, Januari 2028 makundi yote mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza kwa mpigo. Serikali itakuwa na kazi ya madarasa, madawati na walimu. Shule binafsi zinazogombewa zitakuwa na waombaji zaidi, na zikibaki na viti vilevile zitakuwa na sababu ya kukaza mchujo. Bei ya fomu na ya "pre-form one" haitarajiwi kushuka.

Habari njema ni kwamba mtaala mpya unaanza kufundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza. Lakini faida yake kamili itaonekana kwa walioanza darasa la kwanza 2024, ambao watafika sekondari miaka sita baadaye. Wa 2028 watakuwa wamepata nusu tu ya dawa.

Kenya iliwahi kuligusa suala hili kisheria. Sheria yake ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazuia shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumpokea, isipokuwa ule wa kumpangia kiwango kinachomfaa. Sheria hiyo haizigusi shule binafsi, lakini wazo lake lina maana hapa: mtihani wa mlangoni umsaidie mwalimu kujua mtoto aanzie wapi, usiwe wa kumfungia nje.

Tanzania haihitaji kupiga marufuku intavyuu ili kupunguza maumivu. Masharti machache yangetosha. Shule itangaze mapema inapima masomo gani na kwa lugha gani. Karatasi za Hisabati na Sayansi ziwe na maswali kwa lugha zote mbili, ili anayejua KDS apate haki yake. Ada ya fomu iwe na kikomo. Mzazi wa aliyekosa nafasi apewe alama za mtoto kwa kila somo, ajue pa kurekebisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jengo jipya. Linalohitajika ni uamuzi, na muda uliobaki kabla ya 2028 si mrefu.