Njia ni ya Wote, Sitara ni ya Mwenyewe



Baadhi ya kina mama ambao mabinti zao wanasoma au kufanya kazi Nairobi wametutaka tuseme neno juu ya picha za barabarani zilizomo katika ramani za Google. Gari lenye kamera juu ya paa hupita mitaani likipiga picha pande zote, kisha picha hizo huunganishwa na kuwekwa kwenye intaneti. Aliye Lamu au London huweza kutembea kwa kidole kutoka Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, hadi Kilimani na Lavington, akitazama malango, maduka na watu waliokuwa wakipita siku ile. Je, yafaa?

Hatukatai manufaa yake. Mgeni huijua njia ya hospitali kabla hajaondoka kwao, na mzazi huuona mtaa atakaopanga mwanawe. Lakini sheria yetu hupima manufaa pamoja na madhara. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na Mtume (s.a.w.) alipochunguliwa tunduni na mtu, alimkemea vikali, akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Basi mwenye kuchungulia hana udhuru wa kusema kwamba hakuvuka kizingiti.

Wajapani walilalamika kuwa kamera hizo ziliona juu ya kuta za nyua zao. Mwaka 2009 kampuni ikakubali kuzishusha kwa sentimita 40 na kupiga picha upya. Kipimo hicho kidogo ndicho kilichotenga njia na ua. Sisi watu wa pwani, ambao hujenga ukuta ili mama apumue uani bila buibui, twaelewa uzito wake.

Kampuni hufifisha nyuso na nambari za magari kwa mashine. Ni jema, lakini halitoshi, kwani uso ukifichwa, anayemjua mtu humtambua kwa umbo, kwa mkoba na kwa lango alilosimama. Kwa mama aliyemkimbia mume mwenye kumdhuru, lango hilo laweza kuwa uhai wake. Aliyeonekana, yeye au nyumba yake, aombe afichwe. Kila picha ina mahali pa kuripoti tatizo, na nyumba ikishafifishwa hairudishwi tena. Ujerumani, mwaka 2010, kaya zaidi ya 244,000 ziliomba hivyo.

Hapa kwetu, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafuatia. Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, magharibi mwa Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mkahawa mmoja wa jijini ulitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake.

Tuzingatie, ndugu zetu, kwamba waliotozwa faini hizo hawakuja na gari la kamera. Walikuwa wenyeji waliopokea mtoto na mgeni. Gari hilo hupita mtaani mara moja kwa muda mrefu, ilhali simu zetu hazitoki mikononi. Ni nani apigaye picha arusini, kina mama wakiwa wamevua buibui, akazituma kwa jamaa, na jamaa wakazituma kwa wasiowajua? Hapo hapana mashine ya kufifisha nyuso.

Basi kabla ya kupiga picha tuombe idhini, na kabla ya kuituma tuombe tena, kwani aliyekubali kupigwa picha hakukubali kusambazwa. Na mwenye picha ya mtu asiyeridhia aifute leo.

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na Akhera, na atujaalie kuwa wenye kuwasitiri wenzetu. Amin.