Tochi ya Leza: Tuchague Rangi, Tusichague Ukali



Siku hizi tochi ya leza ni kitu kidogo kama kalamu, wala bei yake si kubwa. Wengi wetu twaitaka, ama kwa kuonyeshea picha ukutani darasani, ama kwa kuonyeshea nyota usiku kule Mlima Kigali. Lakini mnunuzi akifika dukani huuliza neno moja tu: "Je, mstari wake waonekana hewani?" Nionavyo mimi, swali hilo ndilo linalotupoteza.

Mstari huo si sifa ya tochi peke yake. Twauona kwa kuwa vumbi, moshi na ukungu huirudisha nuru kidogo machoni petu. Tochi ile ile itaonyesha mstari mwema usiku wa Julai wenye vumbi, na baada ya mvua kuisafisha hewa itaonekana dhaifu. Basi atakaye mstari uonekane hata mchana, kwa kweli ataka nguvu kupita kiasi, ingawa hajui.

Yafaa tuanze na rangi. Mchana jicho la mwanadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani, karibu na nanomita 555. Tochi nyingi za kijani ni za nanomita 532, na nyingi za nyekundu ni za 650. Zikiwa na nguvu sawa, doa la kijani huonekana angavu mara nane hivi kuliko jekundu. Maana yake ni kwamba kijani chatuwezesha kupunguza nguvu, na doa likaonekana vile vile. Chini ya miliwati 1 yatosha kwa ukuta wa darasa. Tena wako wenzetu ambao tangu kuzaliwa macho yao huiona nyekundu kwa shida.

Zambarau ya nanomita 405 ndiyo danganyifu. Jicho huliona doa lake kuwa hafifu, likadhani nguvu ni ndogo, wala halifanyi haraka kufumba. Kumbe nguvu yote yaingia ndani. Hata kijani kina hila yake: tochi nyingi za rangi hiyo hutengeneza nuru yao kutokana na nuru nyingine isiyoonekana, na zile za ovyo huiacha nyingine ikavuja. Kwa hiyo tochi isiyoandikwa nguvu yake na urefu wa wimbi lake, tuiache dukani.

Wako watakaosema, "Nyota hazionyesheki bila mstari." Ni kweli. Lakini gizani kijani kisichozidi miliwati 5 chatosha, nacho kishikwe na mwalimu peke yake, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna ndege inayopita kwenda au kutoka Kanombe. Rubani akimulikwa usiku, nuru humtapakaa mbele ya macho wakati ule ule anapoutafuta uwanja.

Neno la mwisho ni la mpira. Tarehe 29 Machi 2022, karibu na Dakar, Mohamed Salah wa Misri alipiga penalti uso wake ukiwa umejaa miale ya kijani kutoka kwa watazamaji, na mpira ukapita juu ya goli. Senegal ilishinda, lakini FIFA ikaitoza faini ya faranga za Uswisi 175,000 kwa jambo hilo na makosa mengine ya siku ile. Hapa Nyamirambo tuna uwanja wetu, ulioitwa Kigali Pelé tangu Machi 2023. Ingekuwa aibu kubwa kijana wa shule ammulike golikipa pale, hata akiwa wa timu tusiyoipenda. Ushindi wa namna hiyo hauna ladha, na jicho lililoungua ndani halina fundi wa kulirudisha kama lilivyokuwa.

Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Shauri langu ni kwamba shule inunue tochi moja ya kijani ya nguvu ndogo, iwekwe kabatini mwa maabara, na sisi wanafunzi tuache kubeba zetu mifukoni. Na pale ambapo picha iko kwenye televisheni ya kioo, ambapo doa halionekani vema, fimbo ya mwalimu ingali yafanya kazi yake.