Mnyonya Damu na Jasho la Mwandishi

Kila juma meza ya mhariri wa gazeti hili hupokea miswada ya hadithi kutoka kwa vijana wa mkoa wetu. Mingi imeandikwa kwa mkono katika madaftari ya shule, na iliyo mingi ni ya mambo ya kutisha: mizimu, majini ya baharini, na mumiani anayevizia wapita njia jua linapokuchwa. Pamoja na miswada hiyo huja barua, na barua karibu zote huuliza jambo moja: mwandishi huipata wapi hadithi yake, na akishaipata afanyeje hata iwe kitabu? Ndugu mmoja ametuarifu kwamba ana miaka miwili sasa anangoja hadithi imjie usiku kama ndoto, na mpaka leo haijamjia.

Tungeweza kumjibu ndugu huyo kwa methali moja, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, tukaishia hapo. Lakini nasaha bila mfano ni kama chakula bila chumvi. Kwa hiyo leo tumeona ni vema tueleze habari ya mtu mmoja aliyeandika hadithi ya mnyonya damu inayojulikana kuliko zote ulimwenguni. Mtu huyo ni Bram Stoker, na kitabu chake ni Dracula, kilichotoka mjini London tarehe 26 Mei, 1897.

Stoker alizaliwa Dublin, nchini Ireland, mwaka 1847. Hakuwa mtu wa kukaa chini ya mti akisubiri maono. Alianza maisha yake ya kazi kama karani wa serikali, na kitabu alichokitoa mwaka 1879 hakikuwa na zimwi hata moja ndani yake: kilikuwa mwongozo wa kazi za makarani wa mahakama ndogo za Ireland. Mwishoni mwa mwaka 1878 alichukuliwa na mwigizaji mashuhuri, Henry Irving, akawa meneja wa shughuli za jumba la michezo la Lyceum mjini London. Hapo ndipo alipomaliza miaka yake ya nguvu. Hesabu za fedha, mishahara, tiketi, barua za tajiri wake, safari za kundi zima hadi Marekani, yote yalipita mikononi mwake. Riwaya zake aliziandika katika saa alizoziiba kwenye usingizi na katika likizo zake.

Kumbukumbu za kwanza za Dracula zenye tarehe ni za Machi 1890. Kutoka hapo hadi kitabu kutoka ilipita miaka saba. Tunawaomba vijana wetu waitazame hesabu hiyo vizuri, maana wapo wanaotuletea mswada ulioandikwa kwa siku saba na kutaka utoke gazetini Jumapili ijayo.

Je, miaka hiyo saba aliitumia kwa kazi gani? Majira ya kiangazi ya mwaka 1890 Stoker alikwenda na mkewe na mtoto wao kupumzika Whitby, mji wa wavuvi ulio pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Wengine hupumzika kwa kulala. Yeye alipumzika kwa kuuliza. Alizungumza na mlinzi wa pwani, ambaye alimpa habari za vyombo vilivyoangamia katika maji yale. Miongoni mwa vyombo hivyo palikuwa na jahazi la Kirusi liitwalo Dmitry, lililokwama ufukoni hapo Oktoba 1885. Katika riwaya jahazi hilo limegeuka kuwa Demeter, linalofika bandarini katika dhoruba huku nahodha wake ni maiti aliyefungwa kwenye usukani. Alipanda mpaka makaburini, juu ya jabali, akanakili majina yaliyochongwa kwenye mawe. Jina moja kati ya hayo, Swales, akampa mzee wa pwani anayesimulia katika kitabu. Alikusanya pia maneno ya lahaja ya watu wa mji huo, ili mzee huyo aseme kama wasemavyo wazee wa Whitby, asiseme kama bwana wa London.

Kisha aliingia katika maktaba ya mji. Huko aliazima kitabu cha William Wilkinson, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza, kilichochapishwa mwaka 1820, chenye habari za nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo sehemu kubwa yake imo katika Romania. Ndani ya kitabu hicho alikuta jina Dracula, na maelezo kwamba katika lugha ya watu wa huko lina maana ya shetani. Mpaka siku hiyo mnyonya damu wake alikuwa akiitwa Wampyr, jina lisilo na uzito wowote. Akalifuta, akaandika Dracula. Hakusahau hata kunakili namba ya kitabu ilivyokuwa kwenye rafu. Jina ambalo leo linajulikana karibu dunia nzima lilitoka katika kitabu kilichokuwa kimetulia katika maktaba ya mji mdogo, kikimngoja mtu wa kukifungua.

Tena Stoker hakuwahi kukanyaga Transylvania, nchi ambayo riwaya yake huanzia. Mwanzoni alikusudia hadithi ianzie Styria, katika Austria, mahali ambapo Sheridan Le Fanu, naye mtu wa Dublin, alikwisha kuweka hadithi yake ya mnyonya damu, Carmilla, iliyotoka kitabuni mwaka 1872. Baadaye alibadili nia. Habari za Transylvania alizipata kwa kusoma, hasa makala ya mwaka 1885 ya Emily Gerard, mwanamke aliyeishi huko na kukusanya imani za wanavijiji. Palipomshinda, aliwauliza wenye ujuzi: ndugu yake Thornley, aliyekuwa daktari mpasuaji, alimwandikia maelezo juu ya majeraha ya kichwa. Aliipanga hadithi yote kwa kalenda, siku baada ya siku, ili barua ya mtu mmoja isipingane na shajara ya mwingine. Hata kipande cha gazeti moja la New York la mwaka 1896, chenye habari za watu walioamini wanyonya damu huko Marekani, alikikata na kukihifadhi. Nasi wa magazeti, ambao kazi yetu leo husomwa na kesho hufungiwa karanga, tunamshukuru kwa heshima hiyo.

Huo ndio upande wa kuandika. Upande wa kuchapisha una mafunzo makali zaidi, na ndio ambao vijana wetu huupuuza.

Tarehe 18 Mei, 1897, siku nane kabla kitabu hakijatoka, palifanyika jambo la ajabu katika jumba la Lyceum. Asubuhi, mbele ya watazamaji wa kuhesabika kwa vidole, waigizaji walisimama jukwaani wakisoma Dracula kama mchezo, onyesho baada ya onyesho, kwa muda wa saa nyingi. Maandishi waliyoyasoma Stoker aliyatengeneza kwa kukata kurasa za kitabu zilizokwisha kupigwa chapa na kuzigandisha kwenye karatasi, akiziunga kwa mwandiko wa mkono wake. Haja yake haikuwa kumburudisha mtu. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ililinda kitabu mbali na mchezo mbali, na mwandishi aliyechelewa kuisomesha kazi yake hadharani aliweza kuona watu wengine wakiigeuza mchezo na kujaza majumba bila kumpa hata senti. Stoker alikuwa mtu wa jumba la michezo na alizijua hila hizo. Akafunga mlango kabla mwizi hajafika.

Yaliyowapata wasiofunga mlango yalikuwa yanajulikana. Mwaka 1819 daktari kijana, John Polidori, aliiona hadithi yake ya mnyonya damu imechapishwa katika jarida la London kwa jina la mtu mwingine, tena si mtu mdogo: Lord Byron, mshairi aliyekuwa tajiri wake. Byron mwenyewe alikana kuiandika, lakini jina lake ndilo lililouza. Polidori alifariki mwaka 1821, akiwa na umri wa miaka 25, na sifa alizostahili zilikuja wakati hana masikio ya kuzisikia.

Hata Stoker, pamoja na ujanja wake, alifunga mlango wa mbele akasahau wa nyuma. Kitabu kilipotoka Marekani mwaka 1899, taratibu za kuisajili haki yake katika nchi hiyo hazikukamilishwa, na kwa hiyo huko kikawa mali ya kila mtu. Riwaya ilisifiwa na wengi, lakini haikumtajirisha. Alipoishiwa nguvu kwa maradhi ilimlazimu, mwaka 1911, kuomba msaada katika mfuko wa kuwasaidia waandishi wenye shida, akapewa pauni 100. Alifariki London tarehe 20 Aprili, 1912. Mwaka uliofuata mjane wake, Florence, aliuza mnadani zile kumbukumbu za kazi ya miaka saba. Zilipata pauni mbili na shilingi mbili. Leo zinatunzwa kama johari katika jumba la makumbusho la Rosenbach, mjini Philadelphia.

Mwaka 1922 kampuni moja ya Ujerumani ilitoa filamu iitwayo Nosferatu. Majina ya watu yalibadilishwa, lakini hadithi ilikuwa ile ile, na ruhusa haikuombwa. Mjane huyo hakukubali. Akisaidiwa na chama cha waandishi cha Uingereza, alishtaki, akasumbuka kwa miaka, hata mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala za filamu hiyo ziharibiwe. Baadhi zilisalimika, na wajuzi wa sinema wanaihesabu filamu hiyo miongoni mwa kazi kubwa za zamani. Sisi hatufurahii kuteketezwa kwa kazi ya sanaa. Lakini tunauliza: ilikuwa taabu gani kuomba ruhusa kwanza?

Hatuitoi habari hii ili vijana wetu wamuige Stoker katika kila jambo. Kitabu chake kimebeba hofu za watu wake. Katika miaka ile ile ambayo Uingereza ilikuwa ikiingia katika nchi za watu na kuzitawala, mwandishi wake aliwatisha wasomaji wa London kwa hadithi ya mgeni kutoka mashariki anayeingia nchini mwao kunyonya damu. Huku kwetu mambo yalisemwa kinyume. Wakati wa ukoloni, katika Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, watu walinong'onezana habari za mumiani na wazimamoto, kwamba wapo watumishi wa wakubwa wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alizikusanya simulizi hizo, na mwaka 2000 akatoa kitabu kizima juu yake, akionyesha kwamba hata uvumi usio na ukweli unaweza kueleza jinsi watu walivyoiona hali yao. Na uvumi una hatari yake, maana wapo watu waliopigwa, na wengine kuuawa, kwa kushukiwa tu. Mwandishi atakayeligusa jambo hilo na aliguse kwa akili, asiongeze kuni motoni.

Basi malighafi ipo. Wazee waliosikia simulizi hizo kwa masikio yao wanazidi kupungua kila mwaka, na wengi wao hawajaulizwa hata swali moja. Mvuvi anayejua mahali kila jahazi lilipozama yuko pale pale sokoni, anauza samaki. Ndugu yetu aliyengoja ndoto miaka miwili angeitumia miaka hiyo kwa daftari na kalamu barazani kwa wazee, leo angekuwa na nusu ya kitabu.

Walakini tusiwalaumu vijana peke yao. Stoker alikuta maktaba Whitby, mlango wazi na vitabu rafuni. Kijana wa wilayani kwetu atakuta nini? Ikiwa maktaba inafungwa saa ambazo watu wanatoka kazini, au vitabu vyake ni vile vile vilivyochakaa, tutakuwa tunamdai mvuno mtu tuliyemnyima jembe. Tunawataka wenye dhamana katika halmashauri zetu walitazame fungu la vitabu kwa jicho lile lile wanaloangalia fungu la madawati.

Kwa wachapishaji nao tuna neno. Mswada wa Kiswahili, ulioandikwa na Mswahili, kwa wasomaji wa Kiswahili, haufai kufungwa kwa mkataba wa lugha ambayo mwandishi haielewi. Mkataba na uandikwe kwa Kiswahili, useme waziwazi ni sehemu gani ya bei ya kila nakala itakuwa ya mwandishi, na nani mwenye haki ya mchezo, ya redio na ya filamu. Mwandishi naye asitie sahihi kwa furaha ya kuona jina lake kwenye jalada. Asome, aulize, na ampe mwenye kujua sheria ausome. Tanzania imekuwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ya mwaka 2001; lakini sheria haimwamshi aliyelala.

Mnyonya damu wa Stoker, kama hadithi inavyosema, hawezi kuingia nyumbani mwa mtu mpaka akaribishwe na mmoja wa wenyeji. Anayenyonya jasho la mwandishi naye ni vivyo hivyo: mara nyingi hukaribishwa kwa sahihi iliyotiwa bila kusoma. Vijana wetu na waandike, tena waandike sana. Miswada yao tutaendelea kuipokea na kuisoma. Lakini kabla hawajatuletea, waulize, wasome, wapange, wafute na waandike upya. Na siku ya kutia sahihi ikifika, wafungue macho yote mawili.