Urithi Usio na Mrithi: Hoja Kuhusu Miswada ya Watunzi wa Tamthilia

Imekita mizizi katika idara zetu dhana kwamba tamthilia ikishachapishwa, karatasi zilizoizaa hazina kazi tena. Makala haya yanaipinga. Tamthilia hutungwa ichezwe. Kwa hiyo nakala ya mazoezi yenye mistari iliyofutwa, orodha ya waigizaji na barua baina ya mtunzi na mwelekezi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Tuchukue mfano wa David Mulwa, mtunzi, mwigizaji na mwalimu wa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika Inheritance, Lacuna Kasoo anarithi kiti cha babake, kisha anaitumbukiza Kutula katika madeni ya wageni. Wanafunzi wa Kitui na Makueni, kama wenzao kote nchini, waliisoma ilipoteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari. Kitabu hicho kiliwatosha kwa mtihani. Hakimtoshi mhakiki anayetaka kujua Kutula ilibadilikaje kutoka rasimu hadi jukwaani.

Hali ni mbaya zaidi kwa walimu wa kaunti hizo waliotunga kwa ajili ya tamasha za drama za shule. Mchezo usiochapishwa hufa pale nakala yake inapopotea.

Watasema vyuo vya ng'ambo ndivyo vyenye uwezo. Naam, karatasi za Achebe na Soyinka zimo Harvard. Lakini hifadhi inayomtaka mwanafunzi wa Kwa Vonza atafute viza kabla ya kusoma mswada ni upotevu wa namna nyingine. Wala hatukosi kielelezo cha kwetu: miswada ya Kiswahili ilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na J.W.T. Allen akaitolea katalogi mwaka 1970. Ikiwa utenzi uliochapishwa haukuufuta mswada wake, mbona tamthilia inyimwe heshima hiyo?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti maktaba na makumbusho. Kitui ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2013. Kaunti zitoe chumba na mtunzaji; chuo kitoe wahakiki; mtunzi na jamaa zake wabaki na hakimiliki. Nasi tuwatake wanafunzi wetu wa uzamili waitafute miswada kabla ya kuandika tasnifu. Vinginevyo tutaendelea kumlaani Lacuna darasani huku tukimwiga.