Mjusi Kafiri Hastahili Sumu

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hata hivyo, katika vitongoji vya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, yuko mgeni alakiwaye kwa fagio, ndara na sumu. Huyo ni mjusi kafiri, atambaaye ukutani na darini usiku.

Wanasayansi humwita Hemidactylus mabouia. Asili yake ni Afrika yenye joto, naye amesafiri ndani ya shehena za binadamu hadi Karibea, Brazili na Florida. Nyanda za juu si kwao. Nairobi, iliyo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina baridi. Lakini kuta zihifadhizo joto la jiko na taa zivutazo wadudu humpa makao.

Shutuma kuu dhidi yake ni kwamba ana sumu. Shutuma hiyo haina msingi. Mjusi huyu hana sumu. Chakula chake ni mende, nondo, buibui na mbu. Ni dhahiri kuwa jina "kafiri" limemtia hatiani kabla ya ushahidi kusikizwa.

Si kwamba hana dosari. Kinyesi chake chaweza kubeba bakteria wa salmonela, hivyo chakula sharti kifunikwe. Aidha, kisiwani Curaçao amewasukuma mijusi wa asili kutoka katika majengo. Ugeni wake basi haufai kupuuzwa.

Lakini je, tiba ni sumu? Dawa isiyo na lebo, inayonunuliwa kwa mchuuzi na kunyunyizwa katika chumba kimoja ambamo jamaa nzima hupika, hula na kulala, humfikia mtoto atambaaye sakafuni kabla ya kumfikia mjusi aliye darini. Isitoshe, mjusi hufuata wadudu, nao mende hufuata taka zisizozolewa na mitaro iliyoziba. Kumwua mjusi na kuziacha taka ni kumfukuza mlinzi na kuwaachia wezi mlango wazi.

Yafaa wenyeji wafunike vyungu vyao na kumwacha kafiri ukutani. Nayo Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi izoe taka Kibera na Kawangware kama izizoavyo katika mitaa ya wenye nacho. Mende wakipungua, mgeni huyu naye atapungua, pasipo mtoto yeyote kuvuta sumu.